Kuzitia Rangi Picha za Zamani

(Hotuba iliyosomwa ukumbini mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani. Mzungumzaji alimaliza Kidato cha Nne hapa shuleni mwaka 1968, kisha akafanya kazi ya upigaji picha kwa zaidi ya miaka thelathini. Tumeichapa kama alivyoisoma. – Mhariri)

Kamati imenipa dakika ishirini nizungumzie jambo ambalo mkutano huu utalipigia kura alasiri. Picha zile zilizotundikwa ukutani, tangu za darasa la kwanza kabisa hadi za mwishoni mwa miaka ya 1970, zote ni nyeusi na nyeupe. Je, zitiwe rangi kabla ya kuchapwa katika kitabu cha kumbukumbu? Wapo wenzetu wanaosema zitiwe, maana kijana wa leo akiona picha ya kijivu hufunua ukurasa unaofuata. Wapo wanaosema kuzitia rangi ni kughushi, na mtu haghushi sura za marehemu. Nimezisikiliza pande zote mbili, na kwa kuwa nimepata riziki yangu katika kazi hiyo, nimeombwa nieleze ilivyo.

Nitaanza na kazi ya mkono, nije kwenye filamu, kisha kompyuta, na mwisho nitatoa rai yangu.

KAZI YA MKONO

Wengi hudhani kwamba kuzitia rangi picha ni jambo la juzi. La hasha. Namna ya kupiga picha ya Daguerre ilitangazwa Paris mwaka 1839, na haikupita miaka michache kabla ya mchoraji wa Uswisi, Johann Baptist Isenring, kuanza kupaka unga wa rangi juu ya picha za namna hiyo. Katika miaka ya 1860, kule Yokohama nchini Japani, Felice Beato aliwaajiri wachoraji wa Kijapani wapake rangi picha zake moja moja kwa brashi. Picha na rangi, kwa hiyo, ni ndugu wa tangu utotoni.

Katika studio niliyofanya kazi miaka ya 1970, filamu ya rangi ilikuwa ghali na adimu. Mteja aliyetaka picha ya rangi tulimpigia ya kawaida, kisha tukampakia. Picha ilichapwa kwenye karatasi isiyong'aa, kwa sababu inayong'aa haishiki rangi. Mara nyingi tuliigeuza kwanza kwa dawa iwe ya hudhurungi, maana rangi ya ngozi yetu hukaa vizuri juu ya hudhurungi kuliko juu ya kijivu. Rangi zenyewe zilikuwa za mafuta, nyepesi, zinazopitisha mwanga. Vifaa vilikuwa pamba, vijiti na tapentaini ya kufutia. Ulianza na sehemu kubwa, yaani pazia la nyuma na nguo, ukaja usoni, ukamalizia vitu vidogo: midomo, herini, saa, vifungo. Rangi ilisuguliwa mpaka ibaki kama pumzi tu juu ya karatasi, ili kivuli cha picha kionekane chini yake. Fundi mbaya alijulikana kwa wingi wa rangi.

Lakini ndugu zangu, kazi kubwa haikuwa ya pamba. Kazi kubwa ilikuwa ya kuuliza. Mteja alipokuja, swali la kwanza lilikuwa: nguo hii ilikuwa ya rangi gani? Jibu liliandikwa kwa penseli nyuma ya picha. "Suti bluu nzito. Tai nyekundu. Pete ya dhahabu." Bila maandishi hayo fundi hakugusa pamba. Nakumbuka mama mmoja aliyetuletea picha ndogo ya marehemu mumewe ili tuikuze na kuitia rangi. Ndani ya kikapu alikuwa amelifunga shati lile lile alilolivaa mzee siku ya kupigwa picha. Akalitandaza mezani, akasema, "Mwanangu, rangi ndiyo hii. Usiniwekee nyingine."

Naomba mlishike shati hilo akilini, maana hoja yangu yote imo humo. Rangi ile haikutoka katika picha. Ilitoka kikapuni, kwa mtu aliyekuwa anajua.

Tofauti yake mtaiona katika kadi za posta za zamani za Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam. Mwanzoni mwa karne ya 20 kadi nyingi za namna hiyo zilichapwa Ulaya, hasa Ujerumani, na waliozitia rangi walikuwa mafundi wa viwandani ambao hawakupata kuiona bahari yetu. Fundi alipewa picha nyeusi na nyeupe na pengine maelezo mafupi, basi. Kama kanga ya mama sokoni ilikuwa nyekundu au ya manjano, yeye angejuaje? Alipaka iliyompendeza. Leo kadi hizo zinauzwa kwa bei kubwa, na wapo watu wanaozitazama na kusema, "Kumbe zamani walivaa hivi." Pengine walivaa hivyo, pengine sivyo. Kadi yenyewe haikuambii.

FILAMU

Filamu nazo zilitiwa rangi tangu mwanzo. Mwaka 1902 Mfaransa Georges Méliès alitengeneza filamu ya safari ya kwenda mwezini, na baadhi ya nakala zake ziliuzwa zikiwa za rangi. Rangi hizo zilipakwa Paris katika karakana ya Bibi Elisabeth Thuillier, aliyekuwa na wanawake zaidi ya 200, kila mmoja na rangi yake, wakipaka kijipicha kimoja baada ya kingine. Filamu ile haikufika dakika ishirini, lakini ina vijipicha zaidi ya 13,000. Nakala moja ya rangi ilipatikana Hispania mwaka 1993 ikiwa imeharibika vibaya, ikatengenezwa kwa miaka mingi, na mwaka 2011 ikaonyeshwa Cannes. Watu wakaiona tena kazi ya mikono ile, zaidi ya miaka mia baadaye.

Namna nyingine ilikuwa rahisi zaidi: filamu nzima ilichovywa katika dawa ya rangi. Bluu ilikuwa ishara ya usiku, manjano ya taa, nyekundu ya moto. Hapo hakuna aliyedanganyika. Mtazamaji alijua kuwa bluu maana yake ni usiku, kama sisi tunavyojua kengele maana yake ni bwaloni.

Ugomvi mkubwa ulikuja na kompyuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mkanada Wilson Markle alianza kuuza ufundi wa kuzitia rangi filamu za zamani. Fundi alichagua rangi za kijipicha kimoja, na kompyuta ikazichukua mpaka vijipicha vinavyofuata. Mwanga na kivuli vilibaki vile vile vya asili. Rangi ndiyo iliyoongezwa. Wenye vituo vya televisheni walifurahi, kwa kuwa filamu zilizokuwa zimelala stoo ziliuzika upya. Ted Turner, aliyenunua hazina ya filamu za MGM mwaka 1986, alizitia rangi nyingi, na Casablanca ya mwaka 1942 ikawamo.

Wasanii wakapiga kelele. Mwongozaji John Huston alipinga mpaka kufa kwake mwaka 1987. Kituo kimoja cha televisheni cha Ufaransa kilipotaka kuonyesha filamu yake The Asphalt Jungle ikiwa na rangi, warithi wake pamoja na Ben Maddow, mwandishi mwenzake wa filamu hiyo, walikwenda mahakamani. Mwaka 1991 mahakama ya juu ya Ufaransa iliwapa haki: mwenye kazi ana haki ya kulindiwa kazi yake isibadilishwe, hata kama filamu imekwisha kuuzwa kwa mtu mwingine. Marekani walichukua njia ya kati. Sheria ya mwaka 1988 iliunda orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa, filamu 25 kwa mwaka, na ikaagiza kwamba filamu ya orodha hiyo ikitiwa rangi lazima iandikwe wazi kuwa imetiwa rangi. Hilo la kuandika wazi nitalirudia.

Tusidhani lakini kwamba kila aliyetia rangi ni mharibifu. Mwaka 2018 Peter Jackson wa New Zealand alitoa filamu ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza, They Shall Not Grow Old. Alipewa na Imperial War Museums za Uingereza saa zipatazo 100 za filamu za wakati ule. Akarekebisha kwanza mwendo, maana zilipigwa kwa mkono na kasi zake zilipishana. Ndiyo maana watu wa filamu za kale hutembea kama kuku wanaokimbia. Kisha akatia rangi, huku akilinganisha na sare halisi za wakati huo alizokuwa nazo. Naye aliwaendea wenye shati. Watu wengi walioiona walisema kwamba kwa mara ya kwanza wale askari walionekana kuwa vijana kama wajukuu wao. Hiyo ni faida, nami siidharau. Filamu hiyo, hata hivyo, ni ya vita vya Ulaya. Wapagazi wetu, walioacha jina la Kariakoo Dar es Salaam na Nairobi, na ambao makumi ya maelfu yao walikufa, nao wana picha zao. Siku zitakapotiwa rangi, nani atakuwa na shati lao mkononi?

KIJIVU HAKISEMI

Sasa naomba walimu wa hesabu wanivumilie. Mtu anaweza kuuliza: je, rangi haikujificha ndani ya kijivu, kiasi kwamba fundi hodari anaweza kuitoa? Jibu ni hapana, na sababu yake tulifundishwa hapa hapa.

Katika televisheni ya rangi, kila doa la picha lina namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya bluu. Ili televisheni za zamani ziweze kuonyesha picha hiyo hiyo kwa nyeusi na nyeupe, wahandisi waliweka kanuni: chukua asilimia 30 ya nyekundu, asilimia 59 ya kijani na asilimia 11 ya bluu, ujumlishe. Jumla hiyo ndiyo kijivu. Basi, nyekundu tupu yenye nguvu ya 200 inatoa kijivu cha 60. Kijani tupu chenye nguvu ya 102 kinatoa kijivu cha 60 pia. Jezi mbili, moja nyekundu na moja ya kijani, zikisimama pamoja katika picha, jicho halitazitofautisha. Ukipewa 60 peke yake ukaambiwa utafute namba tatu zilizoizaa, una visivyojulikana vitatu na mlinganyo mmoja. Mwalimu wetu wa hesabu angekurudishia daftari lako.

Tena picha za zamani zina shida zaidi. Filamu zilizotumika sana hadi miaka ya 1920 zilikuwa hazioni nyekundu. Mdomo mwekundu ulitoka mweusi, na anga la bluu lilitoka jeupe. Kwa hiyo wale wanaosema picha nyeusi na nyeupe ndiyo kweli tupu, nao wapunguze kidogo. Kijivu nacho kinaweza kupotosha. Lakini kuna tofauti: kijivu kikikosa jambo hunyamaza, na rangi ikikosa jambo husema lolote.

KOMPYUTA ZA SIKU HIZI

Siku hizi kazi niliyoifanya kwa siku mbili inafanywa na simu kwa nusu dakika. Ufundi huu ulianza kuenea tangu mwaka 2016 hivi, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na wengineo walipofundisha kompyuta kwa zaidi ya picha milioni moja za rangi. Kompyuta hugeuziwa picha kuwa kijivu, ikakisia rangi, ikalinganisha na ya asili, ikasahihishwa, na kurudia. Baada ya hapo inajua kwamba majani aghalabu ni ya kijani na anga ni bluu. Ni sehemu ya hiyo inayoitwa akili mnemba.

Neno la kushika hapo ni "aghalabu". Kwa majani na anga, aghalabu inatosha. Kwa jezi haitoshi. Kompyuta isiyojua huchukua wastani wa rangi zote inazozikumbuka, na wastani huo mara nyingi huwa hudhurungi iliyofifia. Tena inakumbuka ilichoonyeshwa tu, na sehemu kubwa ya picha ilizofundishiwa zilitoka Marekani na Ulaya. Tumeirudisha kadi ya posta: fundi ambaye hajapata kuiona bahari yetu anatuchagulia rangi za kanga.

Nitoe mifano miwili mizito, mnisamehe kwa siku ya furaha kama hii.

Mwaka 2018 Marina Amaral wa Brazil, kwa kushirikiana na makumbusho ya Auschwitz, alitia rangi picha ya msichana wa Kipolandi wa miaka 14, Czesława Kwoka, iliyopigwa alipoingizwa kambini. Binti huyo alikufa humo mwaka 1943. Rangi ilifanya jeraha la mdomoni lionekane damu, na pembetatu ya mfungwa kifuani ionekane nyekundu, kama ilivyokuwa kwa wafungwa wa siasa. Hakuna kilichobuniwa usoni pake. Rangi ilimleta karibu.

Mwaka 2021 msanii mwingine, huyu wa Ireland, alitoa picha za rangi za wafungwa wa Tuol Sleng, gereza la Khmer Rouge mjini Phnom Penh, ambamo maelfu waliteswa na kuuawa kati ya 1975 na 1979. Watu wakagundua kwamba baadhi ya wafungwa walikuwa wametiwa tabasamu ambalo katika picha za asili halikuwapo. Jamaa za marehemu walilia, wizara ya utamaduni ya Kambodia ikapinga, na gazeti lililozichapa likaziondoa. Ninyi fikirini: mtu anasubiri kifo, na miaka arobaini baadaye mgeni anamchekesha.

Kalamu iliyotumika kwa wote wawili ni moja. Tofauti ilikuwa katika kuuliza.

RAI YANGU

Ndugu Mwenyekiti, nisiwaache njia panda. Rai yangu ni kwamba picha zetu zitiwe rangi, kwa masharti manne.

La kwanza, picha ya asili isiguswe. Ipigwe nakala, na nakala ndiyo ipakwe. Negativu zilizomo katika sanduku la ofisini zitolewe kwenye unyevu leo, si mwaka ujao. Kazi za studio kama Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, zinatufaa leo kwa sababu zilitunzwa, wala si kwa sababu zilipambwa.

La pili, katika kitabu picha mbili zikae ukurasa mmoja, ya asili juu na ya rangi chini, na iandikwe wazi: "Imetiwa rangi", pamoja na mwaka.

La tatu, uso wa mtu usiguswe. Asinyooshwe, asikunjuliwe, asichekeshwe, wala ngozi yake isifanywe nyeupe. Mweusi abaki mweusi wake, maji ya kunde abaki maji ya kunde.

La nne ndilo kubwa. Rangi isitiwe mpaka apatikane mtu anayeikumbuka, na jina lake liandikwe nyuma ya picha kwa penseli, kama tulivyofanya studio. Asipopatikana, nguo hiyo iachwe kijivu. Msione haya kuacha kijivu. Kijivu hicho kitawaambia wajukuu zetu, "Hapa wazee walikuwa hawajui," na hiyo nayo ni habari ya kweli.

Jana jioni nilisimama na wenzangu watatu mbele ya picha ya timu ya mpira ya mwaka 1966. Mmoja akasema jezi ile ilikuwa nyekundu. Wa pili akasema si nyekundu, ni damu ya mzee, na michirizi ya shingoni ilikuwa rangi ya maziwa. Wa tatu, aliyekuwa golikipa, akawacheka wote wawili: yeye alivaa kijani, na nyuma ya picha yumo mdogo wetu aliyevaa jezi ya bweni lingine kabisa kwa kuwa yake iliibiwa kambani. Katika dakika kumi tulikuwa na rangi tatu, ubishi mmoja na habari ya wizi. Kompyuta ingetupa hudhurungi.

Sasa sikilizeni hesabu nyingine. Katika picha ya darasa langu tuko 34. Ninaowajua kuwa hai leo ni 11, na waliofika hapa ni 5. Rangi za picha ile hazimo ukutani. Zimo katika vichwa vya wazee watano, na mmoja wao haoni vizuri. Kila mwaka tukikutana kikapu kinapungua shati moja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo, kabla ya kura naomba jambo moja. Meza zimepangwa pale chini ya picha, na juu ya kila meza kuna nakala, karatasi na penseli. Baada ya chakula kila mzee aende mbele ya picha yake. Nanyi vijana wa Kidato cha Tano na cha Sita, mchukueni kila mmoja mzee wake, mkae naye, mumuulize: hii ilikuwa rangi gani? Wakibishana, andikeni ubishi wote, na majina ya wabishi. Msichague mshindi.

Mimi nitakuwa meza ya tatu. Yeyote anayemjua yule mrefu wa safu ya nyuma, aliyevaa sweta, aje aniambie lilikuwa la rangi gani. Tangu asubuhi nimeuliza, bado sijapata jibu.